Kalibu Iliyomzika Baba Mkwe Akiwa Hai

Nichekeni tu, msijizuie, maana Uchindile walishanicheka tangu mwaka ule, na mpaka leo nikishuka kwenye treni kule kuna mama mmoja muuza ndizi ananiuliza, "Kasiani, leo umekuja kumzika nani?", na mimi nanunua ndizi zake nanyamaza, kwa sababu mtu aliyetangaza msiba wa watu kumi wanaopumua hana mdomo wa kujibu. Aibu yenyewe ni yangu mwenyewe, sina wa kumgawia. Nilijaribu kuigawia kompyuta kidogo, ikakataa.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni. Mimi darasa la saba nimemaliza, kazi yangu kufyatua tofali Lumemo, hapa Ifakara, na chama cha wakulima wa mpunga kikapewa kompyuta na wafadhili. Ikaja na treni, mimi nikaitwa kubeba maboksi kutoka stesheni mpaka ofisini, na kwa vile wote waliogopa kuigusa (katibu aliifunika kitenge siku mbili nzima kama mwali, akawa anaingia ofisini kwa kunyata) nikaichomeka mimi, ikawaka, basi kuanzia dakika ile nikawa fundi. Hivyo ndivyo nilivyopata ajira. Wengine wanasomea.

Baadaye akaja dada mmoja wa kujitolea kutoka Ulaya, Greta, Kiswahili chake kizuri kuliko cha katibu. Akasema chama kitafanyiwa websaiti ili wafadhili huko kwao wawaone wazee waanzilishi, mmoja mmoja, na ukurasa wake. Nikamuuliza websaiti ni kitu gani, akasema hii yetu ni ya kurasa zinazokaa palepale kama zilivyoandikwa, kama tangazo lililobandikwa ukutani, tofauti yake ukuta wenyewe kila mtu duniani anaweza kuusoma. Hapo nikaelewa. Sikuelewa tu kwamba na ukuta wa Uchindile umo.

Sasa sikilizeni utamu wa ile kazi, maana bila hapo hamtajua nilianguka wapi. Kurasa za watu kumi na mmoja huziandiki moja moja. Unaandika ukurasa mmoja wenye matundu: tundu la jina, tundu la kijiji, tundu la siku. Halafu kila mzee unamwandikia kafaili kake kadogo: jina fulani, kijiji fulani, siku fulani. Ukibonyeza, kompyuta inachukua kila kafaili inakashindilia kwenye matundu, unapata ukurasa. Kuna na ule ukurasa wa pili, wa orodha, huo unapita kwenye kurasa zote zilizomo kwenye folda, unazipanga kwa tarehe, unakutolea majina yote kwenye karatasi moja bila wewe kuandika hata jina. Nikamwambia, "Dada Greta, hii mbona ni kalibu ya tofali." Akacheka, akaliandika neno kalibu kwenye daftari lake. Na mimi kichwa kikavimba, nikaona huyu mzungu amekuja mbali kote huko kufundisha kitu ambacho mimi nakifanya kwa tope tangu utoto.

Wakati huohuo nilikuwa na jambo langu. Nilikuwa nimepeleka barua ya posa kwa Mzee Otmari, Mngoni mmoja aliyetoka Malinyi akahamia Lumemo, mmoja wa wale waanzilishi, baba yake Skolastika. Mzee yule hakuwa na haraka ya kujibu. Barua ilikaa kwake masika nzima. Mjomba wangu Damasi, ambaye ndiye mshenga, kila akienda anapewa chai na habari za panya wanaokula mpunga, posa haitajwi. Mwisho mzee akasema, "Njooni Jumamosi, nitawapa jibu." Siku hiyo tuende na mbuzi wawili na jembe, akikubali, vinabaki. Akikataa, tunarudi navyo tukipita barabara ya sokoni watu wakituangalia. Mnaona wenyewe uzito.

Basi dada Greta akasafiri siku chache, akaniachia kazi. Alikuwa ameshatengeneza ukurasa mmoja kwa mkono, wa mwenyekiti wetu wa kwanza, ambaye alifariki miaka miwili nyuma. Akaniambia, "Kasiani, hawa kumi walio hai watengenezee kalibu mpya, taratibu, usiwe na haraka. Ukimaliza, chapa orodha na kurasa uwapelekee wanachama wa matawini wakague kama kuna makosa."

Mimi nikaona mpya ya nini. Tofali ni tofali. Nikachukua ukurasa wa marehemu mwenyekiti, nikafuta jina lake nikaweka tundu, nikafuta kijiji nikaweka tundu, nikafuta siku nikaweka tundu. Vingine vyote nikaviacha kama vilivyo. Siwadanganyi kwamba neno "Marehemu" sikuliona, nililiona, lilikuwa juu pale karibu na kamsalaba, na chini yake "Maziko yatafanyika nyumbani kwake", na mwisho kabisa "Raha ya milele umpe ee Bwana". Niliyasoma yote. Lakini mfyatua tofali haangalii ubao wa kalibu, anaangalia udongo, na akili yangu yote ilikuwa kwenye matundu.

Nikajaribu. Na hapa ndipo shetani aliponipiga bao, maana mtu niliyemtumia kujaribu ni yuleyule mwenyekiti. Nikamrudisha kwenye matundu, nikabonyeza, akatoka safi kabisa, marehemu fulani, kamsalaba, raha ya milele. Nikapiga makofi peke yangu ofisini. Imekubali.

Nikajaza na wale kumi. Kwenye tundu la siku nikaweka siku ambayo dada Greta atakwenda kumpiga picha kila mzee kwake, kila Jumamosi mtu mmoja, saa nne asubuhi. Na nani awe wa kwanza? Nikamweka baba mkwe, Jumamosi ileile ya jibu, kwa hesabu kwamba mzee akishapigwa picha na mzungu mbele ya majirani moyo utalainika, na suti atakuwa ameshaivaa. Halafu, kwa kuwa kazi nzuri lazima ijulikane mwenyewe, nikaongeza mstari mmoja chini ya kalibu, utokee kwenye kila ukurasa: "Kazi ya mikono ya Kasiani."

Nikabonyeza. Printa ikaanza kulia kama inachinjwa, karatasi zinatoka, na nje mwanachama wa Uchindile anagonga dirisha kwamba treni haimsubiri yeye. Katibu akagonga mhuri kila karatasi (miwani alikuwa ameikalia wiki ile, akawa anagonga kwa kupapasa), nikatia kwenye bahasha, jamaa akakimbia nayo. Dada Greta aliporudi Ijumaa akauliza, "Umekagua?" Nikajibu, "Nimekagua." Akachukua diski akampa mtu anayekwenda Dar ili iende Ulaya. Nililala usingizi mzuri sana.

Jumamosi saa nne kamili tuko kwa Mzee Otmari. Mzee amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, suti ya kijivu ya harusi yake, tai, fimbo kati ya magoti, amenyooka kama nguzo ya simu, kwa sababu dada Greta alishamwambia asitikisike. Alipewa maagizo hayo na akayachukulia kama kiapo. Hata nzi alipotua kwenye pua alimwacha. Mimi nimesimama pembeni na mwavuli nikizuia jua, najipendekeza, nasema, "Hapo hapo baba, umetoka bomba." Skola anachungulia dirishani anacheka.

Ndipo tukasikia kilio.

Kilitokea upande wa barabara ya stesheni, kilio cha watu wengi, cha kuitikiana. Mimi nikasema kimoyomoyo, masikini, kuna jirani ana msiba. Kikakaribia. Wakatokea watu kama thelathini, akina mama wamejifunga kanga kiunoni, wanaume na magunia ya mahindi mabegani, na mbele kabisa bibi mmoja mrefu, Bibi Yustina, Mhehe wa Uchindile. Mzee Otmari aliwahi kuishi kule miaka kadhaa akiwafundisha kulima kwa ng'ombe, na mnajua Mngoni na Mhehe walivyo, utani wao unatoka kwenye vita vya mababu. Msiba wa Mngoni ukitokea Mhehe ndiye mwenye shughuli: anaiga matembezi ya marehemu, anakaa kwenye kiti chake, anachukua anachokitaka na hakuna wa kumzuia.

Lakini bibi yule alikuwa analia kweli. Machozi ya kweli, kamasi ya kweli. Anasema, "Otmari, kaka yangu, uliyetufundisha jembe la ng'ombe, umeniacha na nani." Mimi nikawaza, kumbe kuna Otmari mwingine amekufa hapa mtaani.

Akafika uani. Akamwona marehemu amekaa kwenye kiti, suti, tai, haoneshi hata kupumua.

Akasimama ghafla, waliokuwa nyuma wakamgonga.

"Mmemkalisha," akasema Bibi Yustina taratibu. "Wangoni jamani. Maiti mmemkalisha kwenye kiti."

"Mimi ni mzima," akasema Mzee Otmari bila kufungua midomo vizuri, maana dada Greta hajampiga picha bado.

Watu waliokuwa nyuma wakarudi nyuma zaidi. Gunia moja la mahindi lilidondoka. Bibi Yustina hakurudi hata hatua moja, akajifuta machozi kwa kanga haraka haraka kama mtu aliyefumaniwa, halafu nikauona uso wake unageuka, ule wa kilio unaondoka unakuja ule wa utani.

"Marehemu anabisha," akawaambia wenzake. "Mnamkumbuka? Hata enzi za uhai wake alikuwa mbishi."

"Yustina, nimekwambia niko hai."

"Hilo utalisema wewe. Sisi tuna karatasi." Akatoa karatasi kifuani, imekunjwa mara nne, akaifungua akampa kijana mmoja asome kwa sauti. Kijana akasoma, tena vizuri, sijui walimtoa shule gani: "Marehemu Mzee Otmari, wa Lumemo. Maziko yatafanyika nyumbani kwake, Jumamosi saa nne asubuhi. Raha ya milele umpe ee Bwana." Akainamia mstari wa mwisho. "Kazi ya mikono ya Kasiani."

Mwavuli ukaniponyoka.

"Kasiani ndiye nani?" akauliza Bibi Yustina.

Uwanja mzima ukaniangalia. Majirani wa Lumemo walikuwa wameshajaa uani, na wao ndio hao walioninyooshea vidole, hawakunificha hata kidogo. Wanaume wawili wa Uchindile wakanisogelea, mmoja huku mmoja huku, kwa upole ule wa kumshika mtu asikimbie. Mimi nikaanza kueleza habari za kalibu na matundu. Ndugu zangu, jaribuni siku moja kuwaeleza waombolezaji thelathini habari za matundu. Kila nikisema tundu wanazidi kunishika.

"Na hii orodha nyingine je?" akauliza mmoja wao. "Sisi tuliona majina kumi na moja, tukasema haiwezekani wafe kwa mkupuo. Halafu tukaona wamepangiwa tarehe. Mzee Kanuti Jumamosi ijayo. Mama Filomena ile nyingine. Tukasema Ifakara wameendelea, siku hizi wanazika kwa zamu."

Mzee Kanuti alikuwepo pale pale, amekuja kuangalia rafiki yake akipigwa picha. Akaiomba karatasi. Akaitazama. "Jumamosi ijayo mimi nina kikao cha mfereji," akasema, akamrudishia.

Dada Greta aliichukua karatasi, akaisoma mara moja tu, akanitazama. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja, la chini chini, "Kasiani, ulijaribu kwa nani?" Nikamjibu, kwa mwenyekiti. Akakaa chini kwenye gunia la mahindi akafunika uso, mabega yanatikisika, na mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka.

Basi nikafikiri yameisha, watu watapewa maji ya kunywa, watarudi stesheni. Lakini Bibi Yustina akasema msiba ukishaliliwa haurudishwi, ukirudishwa hivi hivi unakwenda kutafuta mtu mwingine, kwa hiyo hapa ni lazima tanga lianuliwe, na tanga la Mngoni halianuliwi kwa maji. "Mwenye msiba atuchinjie," akasema. Wakaanza kutazama huku na huku kama kuna chochote cha kuchinja.

Na ndipo kwenye kona, saa ileile, alipotokea mjomba Damasi. Kanzu nyeupe, balaghashia, jembe jipya begani, mkono mmoja kamba ya mbuzi wawili weupe, anatembea ule mwendo wa mshenga, anatabasamu kwa mbali. Nikampigia ishara arudi. Akadhani namsalimia, akanipungia.

Hawakuchukua hata dakika. Watani hawaombi. Mbuzi mmoja alichukuliwa huku mjomba bado anasema "Hodi," na wa pili alipokuwa anasema "Jamani." Jembe wakaliacha, Bibi Yustina alisema la kuchimbia kaburi watalihitaji kama mzee ataendelea kubisha.

"Hao ni mbuzi wa posa," nikasema.

"Ya nani?"

"Yangu. Kwa binti wa... wa mzee."

Bibi Yustina akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Yaani umemuua baba ndipo unaomba binti."

Skola akasema kutoka dirishani, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote kwa kuwa alilisema anacheka, "Kasiani, ulitaka kunioa au kunirithi?"

Wakala. Walikula mbuzi wangu wote wawili na ugali wa mahindi yao wenyewe, Bibi Yustina amevaa koti la suti ya mzee, amechukua fimbo, anaigiza anavyotembea, anavyohesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya mgeni, anavyokohoa kabla ya kukataa jambo, watu hoi. Na Mzee Otmari amekaa na shati lake na tai, anajitazama mwenyewe akiigizwa, na nikamwona anacheka mpaka anashika mbavu, mzee ambaye miezi yote ile alikuwa ananiwekea uso mgumu kama mhuri.

Jioni walipokuwa wanajiandaa kurudi stesheni akaniita. Nikapiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Miaka yote niliyoishi sijawahi kusikia neno zuri kwenye mdomo wa Mhehe. Leo nimekufa kidogo tu, yule bibi amelia kamasi. Nimeiona kwa macho yangu. Nani mwingine amewahi kuiona kamasi ya msiba wake mwenyewe?"

Nikasema kimoyomoyo, hapa tumeshinda. Nikauliza, kwa adabu zote, "Kwa hiyo baba, lile jibu letu?"

Akakohoa. Kile kikohozi chenyewe. "Jibu lipi? Marehemu hajibu posa. Nenda kanifufue kwanza, na ile karatasi ya Uchindile niione hapa mkononi. Halafu uje na mbuzi. Wale walikuwa wa matanga, wa matanga hawaingii kwenye mahari."

Nikaenda. Nikatengeneza kalibu mpya usiku na mchana, na safari hii juu nikaandika kwa herufi kubwa YUKO HAI, nikabonyeza kwa wote kumi na mmoja, nikachapa, mhuri, nikapanda treni mwenyewe. Uchindile nikakuta wameibandika ukutani ile karatasi ya zamani, wakagoma kuibandua mpaka wasome mpya mbele ya watu. Wakasoma. Wote wako hai. Na mwenyekiti wa kwanza naye yuko hai, aliyezikwa miaka miwili nyuma, mimi mwenyewe nilibeba jeneza. Mdogo wake alikuwa anakaa huko Uchindile na analima shamba la marehemu bila kuwauliza watoto wake, akasikia, akafunga mlango, akakaa ndani siku nzima, na kesho yake shamba akalirudisha. (Hiyo sehemu watoto wa marehemu walinishukuru. Ni watu pekee walionishukuru.) Hapo ndipo nilipojua kwamba wafu wana kalibu yao na walio hai wana yao, na kwamba dada Greta alinena "mpya" akiwa na maana yake.

Mbuzi wengine wawili niliwatafuta kwa kufyatua tofali kiangazi kizima. Skola alinisubiri, ila hakunisubiri kimya.

Kwa hiyo nimeapa. Sikopi kitu chochote kabla ya kuuliza aliyekuwemo mwanzo yuko wapi, na nikijaribu kitu najaribu kwa mtu anayepumua. Hata fomu ya mtoto ya shule, naisoma juu mpaka chini, nasoma mpaka jina la kiwanda cha karatasi.

Ila ile diski ilishaondoka, mnakumbuka. Miezi kadhaa baada ya harusi ikaja barua nene kutoka Ulaya, kadi kumi na moja za rambirambi, nzuri, zina maua meupe, kila mzee ya kwake. Nilizipeleka nyumba kwa nyumba kwa mikono yangu, nimeinamisha kichwa. Ya Mzee Otmari iko sebuleni kwake kwenye fremu, juu ya redio, na mgeni akiuliza ni ya nani, mkwe wangu anasubiri mpaka niwe ninakunywa chai ndipo ajibu.

"Hiyo nilitumiwa," anasema, "nilipokufa ile mara ya kwanza. Mwulize huyu, yeye ndiye aliyeshughulikia."